Koma Baada ya La

Ikolo, Kyela
14 Januari 2024

Mpwa wangu Tusajigwe,

Ugonile. Huku tuko wazima wote, ukiacha jogoo wa Bibi yako ambaye hakuuona mwaka mpya. Bibi mwenyewe mguu unamsumbua akitumwa na unapona akialikwa. Mpunga umeota vizuri. Kakao inakauka kwa kubembelezwa, maana jua linachungulia na kurudi ndani.

Najua unajiuliza kwa nini mjomba wako anakuandikia barua ya stempu zama hizi. Ni hukumu. Kikao cha familia kilikaa tarehe thelathini Desemba, kikatufungia mimi na wewe kutuma sauti kwenye kundi la WhatsApp, na hata kupigiana simu kuhusu filamu. Kosa letu unalijua: sauti sitini na moja kwa siku mbili, mimi naguna wimbo, wewe unaguna wimbo, na katikati ya miguno hiyo dada yako Angetile alitangaza kuwa amejifungua. Hakuna aliyeona. Mtoto kamaliza siku tatu duniani bila hongera hata moja. Bibi yako akasema, "Mkiwa na neno juu ya huyo mpiga kinanda wenu, andikianeni barua. Kwenye karatasi hakuna anayeguna."

Basi salamu zimetosha, tuingie ugomvini.

Mimi nasema, na wewe huko Singida na hisabati zako utabisha, kwamba Sospeter Lusungu alikuwa mtunzi mtoto alipotunga muziki wa filamu ya "Wifi wa Kukodi". Kila mhusika kamvisha wimbo wake kama ng'ombe aliyefungwa kengele. Bwana harusi ana wimbo, bibi harusi ana wimbo, mpaka mbuzi wa mahari ana wimbo! Matokeo yake kwenye banda langu la video watu wanapiga kelele "anakuja!" kabla mlango haujafunguliwa. Mlango una kazi gani tena? Lakini kwenye "Mvua ya Majaribio" kakua. Hakuna wimbo wa mtu. Ni sauti moja tu, nene, dakika arobaini. Jackson anayenisaidia bandani alitoka mara mbili kukagua jenereta nikamwambia kaa chini, huo ni muziki.

Bi Dorothea, yule afisa ugani kutoka Bukoba aliyeletwa Bujonde kwa ajili ya kakao, alikaa mpaka mwisho. Akasema ni muziki unaomwacha mtu afikiri. Huyo ni msomi kama wewe, ila yeye anasikia.

Mjomba wako,
Ambwene


Singida
4 Februari 2024

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, wanafunzi wangu wazima, na upepo wa huku ni mzima kuliko sisi sote, jana umeondoka na ratiba ya mitihani. Mpe Bibi pole ya mguu na pole ya jogoo, ingawa nimesikia paja alikula yeye. Mtoto wa Angetile nimemtumia nguo na barua ya kuomba radhi.

Sasa hilo la Lusungu. Mjomba, sauti moja nene kwa dakika arobaini si muziki, ni jokofu. Jackson alikuwa sahihi. Mtunzi aliyechoka kutunga nyimbo hununua kinanda kinachovuma, halafu watu wazima kama wewe wanamwita mkomavu.

Wimbo wa mtu ni jina lake, Mjomba. Kumbuka utoto wetu hapo nyumbani. Bibi alikuwa akikohoa mara mbili mlangoni, na kabla hajaingia sukari imefunikwa na kila mtu ameshika jembe. Ule ulikuwa wimbo wake. Hata wewe ulikuwa nao: bamba la baiskeli yako lililolegea. Marehemu mkeo, mama Evodia, akilisikia tangu kwenye daraja alikuwa anateleka maji yako ya kuoga, na ukifika yana moto unaotosha. Usiniambie mlango haukuwa na kazi. Mlango ulikuwa unafunguliwa kwa furaha, kwa sababu tulijua ni nani.

Bi Dorothea msalimie. Umemtaja kwenye barua ya muziki, nikashangaa kidogo tu.

Mpwa wako,
Tusa


Ikolo
10 Machi 2024

Mpwa wangu,

Barua yako imekaa posta Kyela mjini wiki mbili kwa sababu barabara ilikuwa chini ya maji na mimi sikutaka kuwa chini yake. Bibi mzima. Simu yangu imetumbukia kwenye majaruba ya mpunga na haijaonekana, kwa hiyo ukinipigia unawapigia vyura.

Nakuomba jambo moja: andika kubwa. Mwandiko wako umekuwa mdogo mno siku hizi. Unabana wino?

Habari za baiskeli tuziache. Nimeiuza miaka saba iliyopita, na maji ya kuoga nachemsha mwenyewe.

Tuje kwenye hoja. Nimekaa nikafikiri kwamba haifai kupinga kitu nisichokijua vizuri. Mimi "Wifi wa Kukodi" ikionyeshwa nakuwa nje na jenereta, nyimbo zote za Lusungu zinanifikia zikiwa zimechanganyika na moshi. Kwangu zote ni kengele tu. Basi niandikie kwa do-re-mi wimbo wa yule bibi harusi wa "Wifi wa Kukodi", ule unaopigwa anapotokea kwenye kichochoro na ndoo kichwani. Nataka niuweke mezani, niuchambue, niuvunjevunje.

Ni kwa ajili ya mjadala wetu tu.

Bi Dorothea ametufundisha namna ya kukata maganda yenye ugonjwa mweusi. Ana subira sana. Alikuja shambani kwangu mara tatu, ingawa ugonjwa uliisha mara ya kwanza. Jumamosi hukaa benchi la tatu, upande wa dirisha. Anapenda karanga zisizo na chumvi.

Mjomba wako,
Ambwene


Singida
24 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi maji yamepungua. Huku tunayatafuta. Nimeambiwa nitasimamia mitihani ya majaribio ya mkoa, kwa hiyo nikichelewa kujibu usinune.

Mwandiko wangu ni ule ule ulionifundisha wewe kwenye kwaya ya watoto. Ila wako, Mjomba, umekuwa mkubwa kama bango la mkutano wa hadhara. Barua ya Januari ilikuwa ukurasa mmoja, ya Machi ni kurasa tano na maneno ni yale yale. Miwani yako iko wapi?

Wimbo wa bibi harusi huu hapa. Ni sauti tano tu, na ndiyo maana Lusungu ni fundi:

s – m – r – d – l,

Uimbe taratibu. Ukifika mwisho utasikia mwenyewe kwa nini watu wa bandani kwako hunyamaza anapoingia. Kisha uuvunjevunje kama utaweza.

Nimehesabu mambo mawili kwenye barua yako. Lusungu ametajwa mara moja. Bi Dorothea ametajwa mara moja, halafu akaendelea kwa sentensi tano zenye karanga. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nahesabu bila kutaka.

Mpwa wako,
Tusa


Ikolo
5 Mei 2024

Mpwa wangu,

Pole na mitihani. Mpunga wa bondeni umelala, wa juu umesimama, tutakula. Bibi anakusalimu na kuuliza kama huko Singida kuna wanaume.

Miwani haina tatizo lolote. Iko mahali pake.

Wimbo nimeupata. Nakiri una umbo. Nimeamua kuujaribu na kwaya, kwa uchunguzi tu, maana karatasi haitoshi kuhukumu. Nimeutia maneno mafupi ya shukrani na kuugawa sauti nne. Jambo moja linanitatiza. Kila tukifika sauti ya mwisho, soprano wanapopanda pale juu, kwaya nzima inacheka. Nimewauliza kuna nini, wananiambia, "Hakuna kitu, Mwalimu." Lusungu wako huyo anatunga nyimbo zisizoimbika kwa utulivu.

Tutauimba Jumamosi tarehe mosi Juni, uwanja wa ofisi ya kata Bujonde. Kuna sherehe ndogo. Bi Dorothea amepata uhamisho wa kwenda Kigoma, na wananchi wanamuaga. Mimi nimeombwa kwaya. Uhamisho ni jambo la kawaida kwa watumishi wa serikali, wanakuja na wanakwenda, na mtu hapaswi kuzoea.

Nimepunguza maonyesho ya Jumamosi bandani. Benchi la tatu lina mguu mbovu.

Sina habari nyingine.

Ambwene


Ikolo
2 Juni 2024

Kwa Tusajigwe,

Sikusalimu. Salamu zina wenyewe.

Ijumaa jioni mama yangu mzazi, kwa mguu wake mbovu, alitembea kutoka kwake mpaka kwenye mazoezi ya kwaya kunifikishia ujumbe wako uliomtumia kwenye simu. Alisimama mbele ya waimbaji ishirini na wawili akasema kwa sauti: "Tusa anasema ukome. Na baada ya hapo, la."

Nikome! Mimi, niliyekubeba mgongoni siku uliyokanyaga mwiba wa mchongoma! Niliyekufundisha do kabla hujajua a! Na baada ya kukoma, la, yaani hapana juu yake! Kama ulikuwa na hoja dhidi ya mpangilio wangu wa sauti nne ungeandika hoja. Kumwambia mjomba wako akome, tena kupitia kwa mama yake, hilo halijawahi kutokea Ikolo wala Busale.

Kwa hasira nikasema kesho tutaimba kwa nguvu mara mbili.

Na tukaimba. Diwani alikuwepo, watu wa vijiji vitatu walikuwepo. Bi Dorothea alivaa kitenge cha kijani, kakaa mbele. Nikainua mkono. Sol, mi, re, do, na soprano wakapanda la kwa nguvu zao zote. Uwanja mzima ukageuka kuangalia geti na kupiga kelele, "Mbuzi huyooo!" Andongwisye, mlinzi wa ofisi, akakimbia kufunga geti. Diwani alinyanyua miguu. Kina mama wa mbele wakakusanya masufuria ya pilau.

Hakukuwa na mbuzi, Tusa. Ulikuwa ni wimbo wangu.

Kumbe ule ni wimbo wa mbuzi wa mahari, pale anaporuka uzio na kupotea. Kila mtu aliujua isipokuwa mimi. Bi Dorothea aliuma pindo la kitenge mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, mbona mmeniimbia wa kuruka uzio? Mmenichoka kiasi hicho?" Nilimjibu kwamba ni suala la kitaalamu.

Anaondoka mwisho wa mwezi huu. Sasa umethibitisha mwenyewe kwamba nyimbo za watu ni hatari kwa jamii. Uliniandikia wimbo wa mbuzi kwa makusudi ili ushinde mjadala. Umeshinda, ila umenigharimu.

A. Mwakatobe


Singida
13 Juni 2024

Shikamoo Mjomba, shikamoo tena, na ya tatu hii hapa.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujaitupa jikoni. Nimeandika kubwa safari hii.

Sikukwambia ukome. Nilipopata barua yako ya Mei na kusoma kwamba soprano wanapanda na kwaya inacheka, nilishtuka. Simu yako wanapokea vyura. Nikampigia Bibi, akauliza, "Ni habari za filamu?" Nikasema ndiyo, akakata. Ndipo nikamtumia maneno haya, nakunakilia kama yalivyo: "Bibi mwambie Mjomba KOMA baada ya la." Koma, Mjomba! Kile kialama chenye mkia! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kikikaa chini ya herufi sauti inashuka. Bibi hajui koma ya kwenye karatasi, anajua ya mdomoni tu.

Angalia karatasi ya Machi. Niliandika l na koma yake. Wimbo wa bibi harusi unashuka mwishoni, la ya chini. Wa mbuzi ni ule ule, sauti nne zile zile, ila ya mwisho inapanda. Lusungu alifanya makusudi: mbuzi anaruka kwenda zake, bibi harusi anashuka nyumbani. Sauti moja tu inatenganisha anayeondoka na anayebaki. Uliona l, hukuona koma. Mwalimu wa kwaya wa miaka ishirini na tatu haachi koma hivi hivi, Mjomba. Hiyo miwani iko mahali gani?

Na sasa nitasema lisilosemwa, unisamehe. Hukuutaka ule wimbo kwa ajili ya mjadala. Ulitaka Bi Dorothea aimbiwe wa bibi harusi mbele ya vijiji vitatu ili usilazimike kutamka neno. Miaka tisa tangu mama Evodia aondoke umekuwa ukichemsha maji yako mwenyewe, na sote tunajua, na tumenyamaza kwa adabu. Huyu mama anakwenda Kigoma akiamini kwamba umemfukuza kama mbuzi. Mwambie. Muda ni mfupi.

Nakupenda Mjomba, na Lusungu ni fundi.

Mpwa wako,
Tusa


Ikolo
7 Julai 2024

Mpwa wangu mpendwa Tusajigwe,

Ugonile, ndaga fijo kwa barua yako. Utaona mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, mwingine anaandika, na ameapa kuandika kila ninachosema hata nikisema vibaya. (Nimeapa kweli. Shikamoo siitaki, mimi bado kijana. Ni mimi, D.)

Bibi mzima. Mpunga tumevuna, magunia yako mawili yametengwa. Mtoto wa Angetile ana meno mawili na ameng'ata kidole cha Bibi, tumempongeza kwa wakati safari hii.

Miwani. Ilikaliwa na Jackson Februari, kwenye benchi la kwaya. Nilikuwa nimekuficha. Mwalimu wa kwaya asiyeona noti ni kama dereva asiyeona barabara, wangeniweka pembeni. Niliimba kwa kukumbuka. Nyimbo za kitabuni nazijua zote kichwani, ila wako ulikuwa mpya, ndiyo maana.

Macho yamezidi kuzorota tangu zile za nyuma, basi barua yako ilipofika sikuweza kuisoma, hata kwa ukubwa ule. Nikaona maneno "Lusungu" na "mbuzi", nikajua ni mjadala wetu tu. Nilikuwa Bujonde siku hiyo, nikapita ofisini kwa afisa ugani, nikamwomba anisomee. Ndiyo, Tusa. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Alisoma vizuri, kwa sauti, mpaka kwenye koma akacheka. Akasoma ya miwani, akaniangalia. Akasoma "hukuutaka ule wimbo kwa ajili ya mjadala", akaendelea. Sikuweza kumnyang'anya barua kwa sababu sikuona imeishia wapi. Alipofika "mbele ya vijiji vitatu" alirudi nyuma, akasoma tena sentensi ile kimoyomoyo. Kisha akaikunja, akanirudishia, akasema ana mkutano. (Sikuwa na mkutano wowote. Nilitaka kukaa peke yangu.)

Siku tatu sikumwona. Nilijua anafunga mizigo. Nilikuwa na huzuni, mpwa wangu, nakwambia waziwazi maana hata kuficha nimechoka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza kakao kwenye mkeka. Nikasikia mluzi unatoka upande wa daraja. Sol. Mi. Nikashika reki nikasimama. Re. Do. Hapo akanyamaza kidogo, naapa alifanya makusudi. (Nilifanya makusudi.) Nikasubiri sauti ya mwisho ipande au ishuke. Sijawahi kusubiri noti hivyo tangu nizaliwe.

Ikashuka.

Nilijua ni nani kabla hajafika getini, na nilijua amekuja kufanya nini. Nikaingia ndani nikateleka maji ya chai. Alipobisha hodi yalikuwa yameshaanza kuchemka. Kwa hiyo kuhusu Lusungu na nyimbo za watu, nakiri wazi: wewe ndiye mwenye haki, na "Mvua ya Majaribio" ni jokofu.

Alikuwa na karatasi mkononi, fomu ya kuomba uhamisho usitishwe. Sababu ameshaandika: kuishi na mwenza mtarajiwa. Chini yake kuna kisanduku, "Jina la mwenza", kilikuwa kitupu. Akaniwekea kidole pale kisanduku kinapoanzia, akanipa kalamu.

Nikaandika jina langu lote. (Tusa mwanangu, aliliandika kubwa. Limetoka nje ya kisanduku, limepita sehemu ya Afisa Utumishi, na "tobe" imeingia kwenye muhuri wa Mkurugenzi. Ofisini wameniuliza kama nitachukua fomu nyingine. Nimewaambia hii inatosha.)

Wako,
Mjomba Ambwene